Nina kopo la kodi ambayo hakuna aliyenidai

BARUA

Shikamoo Mama Mshauri.

Mimi ni baba wa miaka 56, naishi Kibosho, juu ya mji wa Moshi, kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, alichoniachia marehemu baba. Nilikuwa fundi mitambo kwenye shamba la kahawa kwa miaka mingi, sasa nalima kahawa na migomba yangu mwenyewe. Nina mke na watoto wanne, wawili wameshajitegemea. Kwenye jumuiya yetu mimi ndiye mweka hazina, na niko kwenye kamati ya barabara ya kitongoji. Nayataja haya ili ujue ni mtu wa namna gani anayekuandikia.

Pamoja na kihamba, baba aliniachia Land Rover 110 ya zamani, ile ya injini isiyo na kompyuta. Mwaka 2022 dizeli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita nikaiegesha chini ya mparachichi. Kuku walifikia hatua ya kutaga kiti cha nyuma. Kila nikipita pale roho ilikuwa inaniuma, kwa sababu gari lile ndilo lililotupeleka shule.

Kijana mmoja aliyesoma kemia chuoni ndiye aliyeniambia kwamba mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika yanaweza kugeuzwa kuwa dizeli. Sikuamini, lakini fundi hakai na swali. Nikaanza kukusanya madumu ya mafuta machafu kwa wauza chipsi wa karibu na stendi na kwenye jiko la hoteli moja ya watalii. Nayachuja kwa kanga kuukuu, nayachemsha maji yakauke, napima ukali wake kwa matone, kisha nachanganya na methanoli niliyokwisha kuyeyushia kostiki soda. Nakoroga moto ukiwa kama nyuzi 55, naacha yalale. Asubuhi gliserini nyeusi imetulia chini, na juu kuna mafuta ya rangi ya asali. Nayaosha kwa maji mara tatu, nayakausha, naweka kwenye tangi. Mara za kwanza nilipata sabuni tupu, ila sasa nimeshika mkono. Natengeneza lita 60 kwa mwezi, na huu ni mwezi wa 18.

Tatizo langu lilianza kwenye kikao cha barabara. Mvua za masika zilikuwa zimechimba mtaro katikati ya njia yetu, mama mjamzito akabebwa kwa machela kwa sababu gari halikuweza kupanda. Nilisimama kikaoni nikasema kwa ukali: sisi kila tukijaza mafuta tunakatwa tozo ya barabara, hiyo barabara iko wapi? Watu wakapiga makofi. Niliporudi nyumbani nikakaa kitandani, nikakumbuka kwamba mimi niliyesema vile nilikuwa na miezi kadhaa sijakatwa hata senti.

Kesho yake nikachukua kopo la maziwa ya unga, nikalitoboa kama kibubu. Nilikuta kwamba kwenye lita ya dizeli kuna tozo ya barabara shilingi 413 na ushuru wa bidhaa 255. Jumla 668. Najua kuna makato mengine, hayo sikuyahesabu. Tangu siku hiyo kila nikitengeneza naandika lita kwenye daftari na kutumbukiza fedha koponi, na zile za miezi ya nyuma nilizilipa kidogo kidogo mpaka nikazimaliza. Julai na Agosti mwaka jana baridi ilikuwa kali, chupa ya sampuli niliyoiacha dirishani iliganda nusu kama samli, ikabidi nichanganye nusu kwa nusu na dizeli ya kituoni. Hata miezi hiyo niliandika lita 60 zilezile, sikutaka kujipunguzia. Leo daftari linasema lita 1,080 na kopo lina shilingi 721,440. Nimelificha stoo, nyuma ya pipa la methanoli, mahali ambapo watoto hawafiki.

Sasa mke wangu anajua. Binti yetu yuko mwaka wa pili chuo cha uuguzi na ada imetubana. Mama watoto anasema, "Serikali haijakuletea bili. Mtoto wako amekuletea." Sina jibu la kumpa.

Desemba ukoo ulipokutana, nilimweleza shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ni mtumishi kwenye ofisi ya serikali ya mambo ya mapato, mkoa mwingine. Nilitegemea angenielekeza dirisha la kulipia. Akanivuta pembeni akaniambia, "Shemeji, usijipeleke. Ukigonga mlango ule watakufungulia faili, na faili likifunguliwa halifungwi." Tangu hapo nimechanganyikiwa zaidi. Kama yeye aliye ndani anasema hivyo, mimi wa nje nifanyeje?

Juu ya hayo, jirani yangu mwenye Canter anataka nimuuzie lita 200 kwa mwezi, shilingi 2,000 kwa lita, taslimu. Nimemwambia anipe muda. Hata hivyo mimi sifanyi biashara. Mafuta ni ya gari langu tu, naenda nayo shambani, kanisani, na Jumamosi nabeba ndizi za majirani wawili watatu kupeleka soko la Mbuyuni, wananichangia kidogo cha mafuta.

Je, nipeleke kopo? Nimpe mama watoto tukalipe ada? Niache kabisa, gari lirudi chini ya mparachichi? Sitaki kuwa mwizi, na sitaki kujitia kitanzi kwa mikono yangu.

Mwenye Kopo, Kibosho

JIBU

Marahaba, baba. Pole kwa kukosa raha, na hongera kwa kuifufua Land Rover ya mzee. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani unauliza habari za kodi. Mara ya tatu nikaona kwamba unauliza unamwelekea nani: barabara uliyoisemea kikaoni, mama watoto, shemeji, au moyo wako mwenyewe uliotoboa kopo siku ile. Wote wanne wanakuita kwa wakati mmoja, na kila mmoja ana haki yake.

Tuanze na daftari, maana ndilo shahidi wako. Umeandika kwamba Julai na Agosti ulichanganya nusu kwa nusu na dizeli ya kituoni, halafu ukajitoza lita 60 zote. Lakini zile lita 30 za kila mwezi ulizinunua kituoni, na kodi yake ilikuwa ndani ya bei. Kwa miezi miwili hiyo ni lita 60, shilingi 40,080, ambazo umezilipa mara mbili. Silisemi hili kukukosoa hesabu. Naona mtu aliyejikadiria kodi, akajidai, akajikusanyia, na palipokuwa na shaka akajitwisha zaidi. Kazi hizo kwa kawaida hugawanywa kwa watu kadhaa ili asiwepo mmoja wa kujionea wala wa kujipendelea. Wewe umezibeba zote peke yako, za miezi 18. Ndiyo maana umechoka.

Hebu sasa tuitazame hiyo 668 yenyewe, kwa sababu umeichukulia kama deni lililokwisha kuthibitishwa. Umechukua kiwango cha dizeli ya kituoni ukakivisha mafuta ya jikoni. Inawezekana ndicho kiwango chake, inawezekana sicho. Ushuru wa bidhaa hupangwa kwa aina ya bidhaa kama inavyotajwa kwenye majedwali ya sheria, na anayetengeneza bidhaa inayotozwa ushuru huo hudaiwa kwanza leseni, kabla ya kudaiwa fedha. Kwa hiyo swali lako la kwanza ofisini lisingekuwa "nalipia wapi?" Lingekuwa "hiki ninachokitengeneza mnakihesabu kuwa nini?" Kopo limeruka swali hilo likaenda moja kwa moja kwenye jibu.

Hata hivyo sitaki kukupunguzia uzito uliousikia ulipokaa kitandani, kwa sababu haukuwa wa kubuni. Wenye magari wa umri wetu wanakumbuka leseni ya barabara ya kila mwaka, ile iliyokuwa ikibandikwa kwenye kioo. Ilifutwa mwaka 2017, na mahali pake zikaongezwa shilingi 40 kwenye ushuru wa kila lita ya mafuta. Maana yake, tangu hapo gari la mtu kama wewe huchangia kupitia bomba la kituo. Halafu Julai 2021 tozo ya barabara ikaongezwa shilingi 100 kwa lita, na sababu iliyotolewa bungeni ilikuwa barabara za TARURA, yaani za vijijini na mitaani, kama hiyo yenye mtaro katikati. Katika kopo lako shilingi 108,000 ni za hiyo mia peke yake. Moyo wako haukukosea kuona uhusiano.

Ila mfumo huo huo una upande wake mwingine. Mashine ya kumenya kahawa, jenereta ya zahanati, trekta lisilotoka shambani, vyote vikinunuliwa dizeli kituoni hulipa tozo ya barabara, na havijawahi kukanyaga barabara. Wewe uliyekuwa fundi mitambo umelipa tozo za namna hiyo, au mwajiri wako alilipa, miaka mingi. Kodi ya mafuta ni kipimo cha kukisia. Hukisia kwamba anayechoma mafuta anatumia barabara. Siku zote kuna anayezidishiwa na anayepunjwa, na kila mara teknolojia mpya ikiingia hesabu huanza upya. Juni 2024, kwa mfano, serikali ilipendekeza bungeni shilingi 382 kwa kila kilo ya gesi asilia inayotumika kwenye magari, kwa hoja hiyohiyo ya wenye magari ya gesi kuchangia barabara. Kelele zilizofuata nadhani unazikumbuka. Hao hawakuwa wezi. Walikuwa watu wanaotumia kitu ambacho sheria ilikuwa bado inakisogelea.

Swali lako limeulizwa na kwingine pia. Uingereza waliamua tangu mwaka 2007 kwamba anayetengeneza mafuta ya mimea chini ya lita 2,500 kwa mwaka hahitaji kujisajili wala kulipa ushuru, mradi aandike ametengeneza kiasi gani. Wewe kwa lita 720 kwa mwaka na daftari lako, ungekuwa salama huko kabisa. Marekani hawakuweka msamaha wa namna hiyo kwenye kodi ya serikali kuu: dizeli inayotembea barabarani hutozwa senti 24.4 kwa galoni, hata ukiitengeneza uani kwako, na kila jimbo lina lake juu ya hapo. Mwaka huohuo wa 2007 mstaafu mmoja wa mji wa Decatur, jimbo la Illinois, aliyeendesha gari lake kwa mafuta ya kupikia, alifuatwa nyumbani na maofisa wa kodi wakimtaka ajisajili kama msambazaji wa mafuta na aweke dhamana ya dola 2,500. Mzee aliyejaza gari lake mwenyewe! Sheria za kwao hazitufungi sisi. Nakutajia ili uone kwamba nchi mbili zenye watu waadilifu zimeitazama hali kama yako zikaamua tofauti.

Nije kwenye neno ulilolisema haraka haraka mwishoni. Umesema mafuta ni ya gari lako tu, kisha papo hapo ukasema Jumamosi unabeba ndizi za majirani kwenda Mbuyuni na wanakuchangia. Kwa desturi zetu huo ni ujirani, na mimi naupenda. Ofisini, afisa akiusikia, ataandika "anabeba mizigo kwa malipo". Sisemi uache kuwabebea. Nasema usiende popote ukasema "matumizi binafsi" bila kulitazama hilo vizuri. Utakuwa umesema kweli kwa Kibosho na nusu kweli kwa mezani kwao, na wewe si mtu wa kustahimili nusu kweli.

Kuhusu shemeji, naomba umsikilize kwa masikio mawili. Neno lake lilitoka pembeni, kwenye mkusanyiko wa ukoo, kwa mtu anayempenda dada yake na anayejua uzito wa kazi yake. Halikuwa neno la ofisi. Labda ameona watu wema waliojipeleka bila kujiandaa wakasumbuka, na labda aliogopa pia kwa nafsi yake kutajwa. Sidhani kama alikuwa anakufundisha kukwepa. Ila hofu yake isikufanye uamini kwamba njia ya kuuliza haipo. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamruhusu mtu kumwandikia Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato, akaeleza jambo lake lote kwa ukweli na ukamilifu, na kuomba uamuzi wa maandishi kuhusu jinsi sheria inavyomhusu. Ukitolewa, na kama hukuficha kitu, unamfunga Kamishna kwa jambo hilo lako. Hapo afisa mwingine mwaka kesho hawezi kuja na tafsiri yake.

Njia hiyo ina hatari zake na sitazificha. Ukiandika kwa jina lako umeshajitaja, na jibu linaweza kuwa usilolitaka: upate leseni ambayo mtu wa pipa moja haimfai, au ulipe ya nyuma pamoja na riba. Kodi pia siyo mlango pekee. Kuna wanaoangalia ubora wa mafuta, kuna zimamoto, na pipa la methanoli kwenye stoo ya nyumbani litaulizwa. Wapo wanaopita kwanza kwa mshauri wa kodi aliyesajiliwa, wakamweleza hali bila kutaja mtaa wala jina, akawaambia barua iandikweje au isiandikwe. Hilo linagharimu, lakini linakupa nafasi ya kujua kina cha mto kabla ya kukunja suruali.

Ipo pia njia ya kutulia kimya na kuendelea na daftari. Wengi wangeichukua. Faida yake ni amani ya nje. Gharama yake unaijua kuliko mimi, kwa sababu umeshaanza kuilipa: kila kikao cha barabara utakaa ukijibana. Njia nyingine ni kuyatumia mafuta hayo kwenye mashine ya kahawa au jenereta, kama unazo, na gari ulinunulie kituoni kwa safari chache. Land Rover itatembea mara moja moja badala ya kila siku, na pengine hilo halitakuuma kama lilivyokuuma lilipokuwa kiota cha kuku. Na kuacha kabisa nako ni njia, usione aibu kuifikiria. Sikuchagulii.

Kwa jirani mwenye Canter nitasema wazi zaidi, maana pale naona shimo. Lita 200 kwa mwezi kwa shilingi 2,000 ni 400,000 mkononi, na najua binti anadaiwa ada. Lakini siku utakayopokea noti ya kwanza, habari ya gari la baba inakuwa habari ya muuza mafuta. Biashara ya mafuta ya magari husimamiwa kwa leseni na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Nchi hii iliumizwa sana na uchakachuaji, mpaka mwaka 2010 mafuta yakaanza kuwekwa vinasaba, yaani alama ya kuyatambua, na mwaka uliofuata ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa makusudi ili yasichanganywe kwenye dizeli. Mtu akikutwa na mafuta yasiyoeleweka kwenye tangi la biashara, hakuna atakayeanza kwa kumsikiliza. Na ukiacha sheria, wewe fundi unajua: mafuta haya hung'oa uchafu wa miaka kwenye tangi ukaziba filta, hulainisha mipira ya zamani, na Julai huganda. Injini yako unaijua kwa sauti. Ya Canter huijui. Ikizima Rundugai na shehena ya nyanya, mtabaki majirani wa namna gani?

Sasa mama watoto. Umeniandikia maneno yake mawili na ukasema huna jibu la kumpa. Mimi sidhani alikuwa anabishana nawe juu ya sheria. Nadhani alikuwa anakuuliza kwa nini fedha za nyumba zilikuwa zinaingia koponi miezi yote hiyo na yeye hayupo kwenye uamuzi. Fikiria lile 40,080 la Julai na Agosti. Lingekuwa mezani mkiwa wawili, angeliona yeye kabla yangu. Sijui kama mtaamua fedha hizo zilipe ada sasa na deni, likithibitishwa, lilipwe baadaye kwa mavuno ya kahawa, au zisiguswe mpaka jibu la ofisi lije, au zigawanywe. Kila moja ina maumivu yake. Mkilipa ada na jibu likaja "lipa", mtakopa. Msipolipa ada na jibu likaja "hudaiwi", binti atakuwa amepoteza muhula kwa deni ambalo halikuwepo. Hilo mlipime pamoja, na yeye awe na daftari mbele yake. Ujue pia kwamba kopo lenyewe haliendi dirishani. Malipo ya serikali hupita kwa kontroli namba, na kontroli namba hutoka baada ya mtu kukadiriwa. Kwa hiyo mpaka leo, baba, fedha hiyo ni ya nyumba yenu. Nia yako ni ya barabara, lakini fedha ni ya nyumba.

Kamati ya barabara usiiache. Mama yule aliyebebwa kwa machela hakubebwa kwa sababu ya lita zako 60, na ulichokisema kikaoni kilikuwa kweli kwa kila aliyepiga makofi. Kama neno lako la siku ile linakuchoma, wapo waliolipunguza kwa mikono: Land Rover inaweza kubeba kokoto kutoka mtoni siku ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji. Hiyo haihitaji ruhusa ya mtu wala haifuti swali la kodi, ila itakupa usingizi wa siku moja moja wakati unasubiri.

Na kuna jambo moja ambalo sitalibembeleza. Umeandika kwamba kopo liko nyuma ya pipa la methanoli, mahali watoto hawafiki. Methanoli huchemka kwenye nyuzi 65 hivi, mvuke wake hushika moto kwa cheche ya kiberiti, na mchana moto wake karibu hauonekani. Mtu akiinywa hupofuka au hufa. Mei 2014 majirani zetu Kenya walizika watu wengi waliokunywa pombe iliyotiwa methanoli, na wewe unaishi mahali ambapo kijana akiona pipa la kitu kinachonukia kama spiriti anaweza kukidhania gongo. Pipa litoke kwenye stoo ya nyumba, liwekwe kivulini mbali na jiko, lifungwe kufuli na liandikwe SUMU kwa herufi kubwa. Kopo litoke usiku huu huu, kabla hujamaliza kufikiria mengine. Mkabidhi mama watoto mbele ya binti, mhesabu wote watatu, muone kama ni 721,440 kweli. Kisha uniandikie mlichoamua.